Waraka Unaosomeka na Kila Mtu: Haki na Wajibu wa Mtumiaji wa Huduma katika Nyaraka za Kidijitali

Utangulizi

Huduma nyingi ambazo zamani zilimfikia mwananchi kwa karatasi sasa humfikia kwa simu au kompyuta. Taarifa ya akaunti ya benki hutumwa kwa barua pepe, fomu ya maombi ya mkopo hupakuliwa katika tovuti, ankara ya maji huja kwa ujumbe, na tangazo la kukatika kwa umeme husambazwa katika makundi ya WhatsApp. Mabadiliko haya yamempunguzia mtumiaji nauli na foleni. Kwa mtu asiyeona yana manufaa makubwa zaidi, kwa kuwa maandishi ya kidijitali yanaweza kusomwa kwa sauti na simu yake mwenyewe, au kugeuzwa kuwa nukta nundu. Mwenye uoni hafifu naye anaweza kuyakuza mpaka yamtoshe.

Manufaa hayo hupotea pale waraka unapoandaliwa bila uangalifu. Mkataba uliopigwa picha na kutumwa kama picha hausomeki kwa programu ya sauti kama maandishi yaliyochapwa. Jedwali la marejesho lililopangwa kwa kubonyeza nafasi nyingi hugeuka mfululizo wa tarakimu zisizo na maana. Fomu inayodai kuchapishwa, kutiwa saini kwa kalamu na kupigwa skani humrudisha mteja mwenye ulemavu kwa jirani au jamaa ili amsaidie.

Makala haya yanaeleza maana ya waraka unaofikika, namna ya kuutambua, haki alizonazo mtumiaji, utaratibu wa kuomba na kulalamika, na hatua rahisi ambazo kila anayeandika waraka anaweza kuzifuata. Yamewalenga watumiaji wote, kwa sababu aliye mpokeaji wa waraka leo anaweza kuwa mwandishi wake kesho: katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, mjumbe wa kamati ya shule, mfanyabiashara anayetuma orodha ya bei, au msimamizi wa nyumba za kupangisha.

1. Ni nani anayehitaji waraka unaofikika?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani takribani asilimia 16 ya watu wote duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Nchini Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa takribani asilimia 11 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Mahitaji yao katika nyaraka hayafanani:

- Watu wasioona hutumia programu ya kusoma skrini. Programu hiyo husoma kwa sauti maandishi yaliyomo, au huyapeleka katika kifaa cha nukta nundu kinachosomwa kwa vidole.
- Watu wenye uoni hafifu, wakiwamo watu wengi wenye ualbino, huhitaji kukuza herufi na kuwa na tofauti ya wazi kati ya rangi ya maandishi na rangi ya usuli.
- Viziwi huhitaji maandishi au lugha ya alama kila panapokuwa na sauti au video. Kwa wengi wao lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza, hivyo Kiswahili cha maandishi kilichonyooka huwasaidia sana.
- Watu wenye ulemavu wa viungo, hasa mikono, huhitaji fomu zinazojazwa kwa kibodi pekee au kwa sauti, na zisizowafungia kabla hawajamaliza.
- Watu wenye ulemavu wa akili au ugumu wa kusoma huhitaji sentensi fupi, mpangilio ulio wazi na maneno ya kawaida.
- Watu wasiotofautisha baadhi ya rangi hawafaidiki na maelezo kama “waliodaiwa wameandikwa kwa rangi nyekundu.”

Wapo pia wasiohesabiwa kuwa na ulemavu lakini wana mahitaji hayohayo: mzee ambaye macho yamepungua nguvu, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa jicho, au mtu anayesoma ankara juani katika simu yenye kioo kilichopasuka.

2. Kusomewa na kusoma ni mambo mawili

Huenda mtu akauliza: kwa nini mteja asiyeona asisomewe tu na ndugu yake? Jibu lipo katika aina ya taarifa zilizomo katika nyaraka za huduma. Taarifa ya akaunti huonyesha salio, majibu ya maabara huonyesha hali ya afya, na mkataba wa mkopo huonyesha dhamana iliyowekwa. Barua ya kubadilisha namba ya siri hubeba namba yenyewe. Mteja anayelazimika kusomewa nyaraka hizo hana siri kwa msomaji wake. Akisomewa vibaya, kwa makusudi au kwa haraka, hana njia ya kugundua.

Madhara yake huonekana zaidi katika mikataba. Vifungu vinavyomgharimu mteja mara nyingi ndivyo virefu na vyenye maneno magumu: adhabu ya kuchelewesha rejesho, ada ya kuvunja mkataba kabla ya muda, na kibali cha mtoa huduma kubadilisha bei. Msomaji wa hisani, akiwa amesimama kaunta na watu wakisubiri nyuma yake, huvifupisha kwa maneno machache: “Hapa ni masharti ya kawaida.” Mteja hutia dole gumba chini ya jambo ambalo hakulisikia. Deni likija, litakuwa lake.

Waraka unaofikika humwezesha mtu huyo kuusoma nyumbani kwake, kwa kasi yake, kurudia kifungu mara tatu, kukilinganisha na ofa ya kampuni nyingine, na kuamua. Hivyo ndivyo mtumiaji yeyote anavyoshauriwa kufanya kabla ya kutia saini.

3. Kwa nini waraka mmoja husema na mwingine hunyamaza?

Kila waraka wa kidijitali una sura na una muundo. Sura ni kile kinachoonekana kwa macho: ukubwa wa herufi, rangi, picha na mpangilio. Muundo ni taarifa iliyofichika ndani ya faili inayoieleza mashine kwamba haya ni maandishi, hiki ni kichwa cha habari, hii ni safu ya kwanza ya jedwali, na lugha inayotumika ni Kiswahili. Programu ya kusoma skrini hutegemea muundo. Waraka wenye sura nzuri na muundo mbovu utampendeza anayeona na kumpoteza asiyeona. Kasoro zinazojitokeza mara nyingi ni hizi:

Maandishi yaliyofanywa picha. Karatasi ikipigwa picha au skani, kompyuta hupokea picha ya maneno. Zipo programu za kutambua maandishi katika picha, na zinasaidia, lakini hukosea karatasi inapokuwa na mikunjo, mhuri juu ya maneno au kivuli. Tarakimu 8 yaweza kusomwa kuwa 3. Katika hadithi, kosa hilo ni dogo. Katika ankara au kipimo cha dawa, lina madhara.

Vichwa vya habari vya macho tu. Mwandishi wengi hukoleza na kukuza herufi ili kionekane kichwa cha habari. Programu ya kusoma skrini haitambui hivyo. Kichwa kilichowekwa kwa mtindo maalumu wa vichwa humwezesha msomaji kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kama anayeona anavyopitisha macho. Katika programu ya NVDA, kwa mfano, ukurasa wenye vichwa halisi hupitiwa kwa kubonyeza herufi H. Pasipo vichwa hivyo, mkataba wa kurasa 30 husikilizwa wote ili kupata kifungu kimoja.

Jedwali lisilo jedwali. Chukua mfano wa ratiba ya marejesho yenye safu za mwezi, rejesho, riba na salio. Ikipangwa kwa nafasi tupu, msikilizaji husikia: “Januari, laki moja na elfu kumi, elfu kumi, laki tisa.” Asipokumbuka mpangilio wa safu, hawezi kujua ipi ni riba na ipi ni salio. Jedwali halisi ambalo mstari wake wa kwanza umetambulishwa kuwa wa vichwa huwezesha programu kutaja jina la safu pamoja na kila tarakimu.

Lugha isiyotambulishwa. Kasoro hii huwaathiri zaidi wasomaji wa Kiswahili. Programu nyingi za kuandikia huja zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza. Waraka wa Kiswahili ukiachwa na alama ya Kiingereza, sauti huyatamka maneno yetu kwa kanuni za lugha hiyo. Neno “wake” hutamkwa kama lile la kuamka, “pale” kama lile la rangi iliyopauka, na “pole” kama lile la mlingoti. Msikilizaji hubaki akikisia. Dawa yake ni kuchagua maandishi yote na kuyatambulisha kuwa ya Kiswahili katika mpangilio wa lugha, kazi ya nusu dakika.

Mapambo ya herufi. Neno lililoachanishwa kama “M A L I P O” husomwa herufi moja moja. Herufi za urembo zinazotengenezwa na baadhi ya programu za simu na kubandikwa katika ujumbe huonekana kama herufi za kawaida, ilhali mashine huzihesabu kuwa alama za hisabati. Programu ya kusoma skrini huzitaja kwa majina marefu ya alama hizo au huziruka kabisa.

Picha zisizo na maelezo. Grafu ya bei, ramani ya kituo au picha ya bidhaa huhitaji maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi yaliyoambatishwa na picha ambayo programu huyasoma. Yasipokuwapo, msikilizaji husikia neno “picha” tu, au jina la faili lenye herufi na namba zisizoeleweka.

4. Namna ya kuupima waraka kwa dakika tano

Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili kujua kama waraka unafikika. Fanya majaribio haya:

(a) Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kwa kipanya. Neno likikolea peke yake, hayo ni maandishi. Ukurasa wote ukichaguliwa kwa pamoja, au pasichaguliwe chochote, huenda hiyo ni picha.

(b) Tafuta neno unaloliona. Fungua sehemu ya kutafuta na uandike neno lililo mbele yako. Programu ikijibu kuwa halipo, mashine hailioni.

(c) Nakili ukurasa mmoja na uubandike mahali patupu. Angalia kama maneno yamebaki katika mfuatano sahihi. Waraka wenye safu mbili wakati mwingine huchanganya mistari ya safu ya kushoto na ya kulia.

(d) Kuza hadi asilimia 200. Angalia kama maandishi bado yanasomeka bila kukatika au kupandana.

(e) Sikiliza. Simu za Android huwa na programu ya kusoma skrini iitwayo TalkBack, na za iPhone zina VoiceOver. Zote hupatikana katika mipangilio ya ufikivu. Kabla ya kuiwasha, fahamu kwamba mguso hubadilika: gusa mara moja ili kusikia kilichopo, na mara mbili ili kukifungua. Kwa kompyuta zinazotumia Windows, NVDA hutolewa bure, na huja na sauti ya eSpeak NG ambayo inasoma Kiswahili.

Majaribio haya hayachukui nafasi ya maoni ya mtumiaji mwenye ulemavu. Taasisi inayoandaa fomu ya maelfu ya wateja inapaswa kuwapa baadhi yao waijaribu kabla haijatangazwa.

5. Haki zako kisheria

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki za watu wenye ulemavu, ikiwamo ya kufikia huduma na taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka utaratibu wa mwananchi kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma.

Katika ngazi ya kimataifa, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara yake ya 9 inahusu ufikivu. Ibara ya 21 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa taarifa zinazokusudiwa kwa umma zinawafikia watu wenye ulemavu katika namna inayowafaa, kwa wakati na bila gharama ya ziada, na kuzihimiza taasisi binafsi zinazohudumia umma kufanya vivyo hivyo. Zingatia maneno hayo mawili: kwa wakati, na bila gharama ya ziada. Tangazo linalofika katika namna inayosomeka baada ya siku ya mwisho ya maombi kupita halijamfikia mtu.

Ibara ya 22 ya mkataba huohuo inalinda faragha. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Mtumiaji anaweza kutumia hoja hii pale anapoambiwa “mwambie mtu akusomee.”

Upande wa ufundi, vipimo vipo. Shirika la kimataifa la W3C lilitoa Miongozo ya Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, maarufu kwa kifupi cha WCAG, kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Toleo la 2.2 lilitolewa mwaka 2023. Kwa faili za PDF kipo kiwango cha kimataifa cha ISO 14289, kinachojulikana pia kama PDF/UA, kilichotolewa mwaka 2012. Kwa hiyo mtoa huduma hawezi kudai kuwa hajui pa kuanzia.

6. Namna ya kuomba waraka unaofikika

Anza na mtoa huduma mwenyewe. Mara nyingi kikwazo ni kutojua, na waraka wa awali wenye maandishi halisi upo katika kompyuta ya ofisi hiyohiyo iliyokutumia picha. Unapoomba:

- Taja waraka unaouhitaji na tarehe yake.
- Eleza tatizo kwa ufupi, kwa mfano: “faili lililotumwa ni picha na halisomwi na programu yangu.”
- Taja namna inayokufaa: faili la Word, PDF yenye maandishi, herufi kubwa, nukta nundu, au maandishi ndani ya barua pepe yenyewe. Hulazimiki kueleza historia ya ulemavu wako.
- Taja siku unayohitaji jibu, hasa kama kuna tarehe ya mwisho ya malipo au maombi.
- Omba kwa maandishi na utunze nakala. Ukipiga simu, andika siku, saa na namba ya kumbukumbu uliyopewa.

Unaweza kufuata mfano huu:

“Ndugu Meneja, Huduma kwa Wateja. Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti namba (andika namba). Tarehe (andika tarehe) nilipokea kutoka kwenu mkataba ulio katika picha. Ninatumia programu ya kusoma skrini, na programu hiyo haiwezi kuusoma. Naomba nitumiwe mkataba huohuo ukiwa na maandishi halisi kabla ya tarehe (andika tarehe), ili niusome mwenyewe kabla ya kutia saini. Naomba pia muda wa ofa usihesabiwe mpaka nitakapoupata. Natanguliza shukrani.”

Ombi la mwisho katika barua hiyo ni muhimu. Usitie saini mkataba ambao hujapata nafasi ya kuusoma, hata ukiambiwa kwamba ofa inaisha leo.

Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia sekta husika: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa simu na intaneti, EWURA kwa maji na nishati, LATRA kwa usafiri wa nchi kavu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kwa bima, na Benki Kuu ya Tanzania kwa benki na watoa mikopo wanaosimamiwa nayo. Ambatisha ombi lako la awali na jibu ulilopewa, kama lipo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako pamoja na vyama vya watu wenye ulemavu wanaweza kukusaidia kuandaa malalamiko.

7. Unapoandaa waraka wewe mwenyewe

Hatua zifuatazo hazihitaji fedha, na ni rahisi zaidi zikifuatwa tangu mwanzo kuliko kurekebisha waraka uliokwisha kusambazwa.

Kwanza, chapa maandishi. Tangazo la kikundi likiwa na picha ya bango, andika maneno yaleyale chini ya picha hiyo. Aliyepata bango peke yake atakuuliza siku na mahali pa mkutano. Aliyepata maandishi hatauliza.

Pili, tumia mitindo ya vichwa, orodha na jedwali iliyomo katika programu ya kuandikia, badala ya kukoleza, kubonyeza nafasi au kuchora mistari. Weka jedwali sahili, lenye mstari mmoja wa vichwa, bila kuunganisha visanduku.

Tatu, eleza picha kwa kuzingatia kazi yake. Maelezo “grafu ya bei” hayamsaidii mtu. Maelezo “grafu inaonyesha kuwa bei ya uniti hupanda mteja anapovuka kiwango cha kwanza cha matumizi” yanamsaidia. Picha ya pambo tu itambulishwe kuwa pambo ili programu iiruke.

Nne, usitegemee rangi peke yake. Andika “hajalipa” kando ya jina, hata kama umelipaka rangi nyekundu. Kwa maandishi ya kawaida, miongozo ya WCAG inataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na usuli isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hupita kwa mbali. Njano au kijivu hafifu juu ya nyeupe hushindwa.

Tano, andika viungo kwa maneno yanayojieleza. “Pakua fomu ya maombi” hueleweka; “bofya hapa” iliyorudiwa mara sita katika ukurasa mmoja haimwambii msikilizaji kiungo kipi kinampeleka wapi.

Sita, tambulisha lugha kuwa Kiswahili, na uupe waraka jina linaloeleweka. Faili liitwalo “Ratiba ya marejesho 2025” hupatikana upesi kuliko liitwalo “skani0047.”

Saba, geuza kuwa PDF kwa njia sahihi. Tumia amri ya kuhifadhi au kusafirisha faili kuwa PDF, na uchague kuhifadhi muundo wa waraka. Amri ya kuchapa kwenda PDF hutoa sura ileile na mara nyingi hupoteza muundo wote. Kumbuka pia kwamba ulinzi wa kuzuia kunakili unaweza, katika baadhi ya programu, kuizuia hata programu ya kusoma skrini.

Nane, kwa video na sauti, weka maandishi ya maneno yanayosemwa, na panapowezekana mkalimani wa lugha ya alama. Namba ya simu inayoonyeshwa tu katika video bila kutajwa haimfikii asiyeona. Inayotajwa tu bila kuandikwa haimfikii kiziwi.

Tisa, kagua kabla ya kutuma. Microsoft Word ina kikaguzi cha ufikivu ambacho hutaja picha zisizo na maelezo na majedwali yasiyo na vichwa. Kikaguzi hakijui kama maelezo yako ni ya kweli au yana maana. Kazi hiyo ni yako.

8. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ofisi yetu hulazimika kutuma waraka wenye saini na mhuri. Tufanyeje?
Tumeni vyote viwili: nakala iliyopigwa skani yenye saini na mhuri, na nakala ya maandishi halisi yenye maneno yaleyale. Hakikisheni hazitofautiani hata kwa neno moja.

Je, waraka wa kielektroniki una nguvu kisheria?
Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki. Waulize watoa huduma wako kama wanaipokea saini hiyo, kwa kuwa inampunguzia mteja mwenye ulemavu safari ya kwenda kuchapisha na kupiga skani.

Je, tukiweka nukta nundu tumemaliza?
La. Wapo wasioona wasiojua nukta nundu, hasa waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani. Waraka wa kidijitali wenye muundo mzuri hutoa njia nyingi kwa wakati mmoja: sauti, herufi kubwa na nukta nundu.

Mtu anayeona anapoteza nini waraka ukifuata hatua hizi?
Hapotezi kitu. Waraka wenye vichwa hupitiwa upesi, maandishi halisi hutafutika, na faili la maandishi kwa kawaida huwa dogo kuliko la picha, hivyo hutumia kifurushi kidogo cha intaneti.

Mambo ya kukumbuka

1. Picha ya maneno haisomeki kama maneno. Omba maandishi halisi.
2. Usitie saini waraka ambao hujausoma kwa namna inayokufaa.
3. Omba kwa maandishi, tunza nakala, na taja tarehe.
4. Taarifa za huduma zikufikie kwa wakati na bila gharama ya ziada.
5. Ukiwa mwandishi, tenga dakika tano za kuupima waraka wako kabla ya kuutuma. Huenda katika kundi lako yupo mtu ambaye hajawahi kukueleza kuwa matangazo yako hayamfikii.